Kovu la Shingoni

Taisa hakuwa na mume, hakuwa na usingizi, hakuwa na nywele za kutosha chini ya kitambaa chake. Tena, tofauti na wengi kijijini kwetu, kusini mwa mji wa Homel, hakuwa na kovu la upasuaji wa tezi shingoni. Kwenye basi dogo alikuwa akimwonyesha majibu ya damu mama mmoja mnene asiyemjua.

"Wanasema tezi yangu ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Wanataka kuikata."

"Mbona basi umenenepa, tena umevaa koti mwezi wa Juni?" aliuliza yule mama. "Mwenye tezi kali hukonda na kutoka jasho. Unameza nini, mwenzangu?"

"Vitamini za nywele tu. Binti yangu huniletea kutoka Poland."

"Si ndizo hizo! Hata kipimo changu zilikivuruga. Ziache wiki moja, upime tena. Daktari ulimwambia?"

"Hakuuliza. Akisikia jina la kijiji tu, anaandika kuwa chanzo ni kile kinu cha nyuklia kilicholipuka."

Sisi wenyewe hukisingizia kinu hata ng'ombe akikosa maziwa.

"Usikubali kabla ya kupima, nakusihi!"

"Mama alikatwa. Dada yangu alikatwa, akafa. Mimi ni nani hata nibaki mzima?"

Basi likasimama. Taisa akatoa barua ya kumkubalia daktari amkate, akaitia kwenye bahasha, akailamba, akaifunga, akampa dereva aipeleke mjini akirudi, kama tufanyavyo sote. Kisha akameza kidonge kimoja cha vitamini za nywele bila maji, akashuka.