Siku Nilipompigia Mkubwa Wangu Kelele

Wapendwa, nawasalimu kwa furaha. Mimi ni yule mtoto wa mtaa wa Rissne, hapa hapa Sweden, mliyezoea kumwona kiti cha nyuma, glavu ya besiboli mapajani, mama akinikonyeza niiweke chini maana ibada imeanza. Mchungaji amenipa dakika tano. Nitajitahidi, ingawa kwetu Wakongo dakika tano ni za kusafisha koo tu.

Mnaniulizaga besiboli ni nini. Jamaa anapiga mpira kwa rungu, unapaa, na mimi nakimbia kule nyuma kabisa niudake kabla haujagusa nyasi. Nyuma tuko watatu, mimi wa katikati. Mpira ukija kati ya wawili, wa katikati ndiye anayepaza sauti, "Wangu!", na mwenzake anasimama. Hata kama ni babu yako.

Hapo ndipo nilipoanguka. Nilienda Amerika kuchezea timu ya chini, ile ya kupandia ligi kuu. Mbio nilikuwa nazo, mikono ninayo. Sauti ndiyo sikuwa nayo. Kushoto kwangu alicheza kaka mmoja, baba wa watoto watatu, aliyekwisha kuonja ligi kuu. Ndugu zangu, nawaambia, nyumbani kwetu mkubwa akiukaribia mlango, wewe unampisha. Nitamfokeaje? Siku hiyo mpira ukaja kati yetu. Nilijua ni wangu. Nikakimbia kimya, naye akakimbia akidhani nimemwachia, tukagongana. Bega lake likateguka, msimu wake ukaisha pale pale. Kocha akaniteremsha daraja, akasema likitokea tena narudi Sweden.

Niliona aibu mpaka chakula kilinishinda. Nikanunua kadi ya simu, nikampigia mama nimwambie naacha, narudi. Mnamjua mama, anahudumia wazee majumbani kwao hapa Tensta. Nilidhani atanibembeleza, atasema angalau nilikuwa na adabu. Akaniuliza:

"Mzee akiteleza bafuni, mimi nangoja aniruhusu nimshike? Napiga kelele kwanza. Heshima nitampa akishakaa."

Kesho yake nikaenda kwa yule kaka kuomba msamaha. Alinisamehe, kisha akanipeleka uwanjani, mkono mmoja umefungwa shingoni, akanirushia mipira kwa ule mzima. Nisiposikika, anarusha tena. Tulifanya hivyo siku nne, mpaka nilipohama. Siku ya nne sauti ilinikauka kabisa, akacheka, akasema sasa nenda.

Mwaka uliofuata nilipanda tena, na mwisho wa msimu ligi kuu ikaniita. Ndiyo, ligi kuu yenyewe! Mchezo wa kwanza, mpira ukapaa kati yangu na nyota wa timu, mtu ambaye hata kocha humwahi kumsalimia. Nikapiga ukelele "Wangu!", tena kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilinitoroka. Neno hakulielewa, lakini alisimama. Nikaudaka.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama. Namshukuru yule kaka, bega limepona na anacheza. Na baba yetu mmoja Mganda, aliyenipeleka mazoezini kila Jumamosi, iwe theluji iwe mvua, asante sana.

Vijana wenzangu, ukijua jambo ni lako, liseme muda ungalipo. Na ninyi wazee wetu, kwa heshima zote, kijana akipaza sauti msiseme upesi kwamba amekosa adabu. Tazameni juu kwanza.