Mlangoni Hakuna Mkwe

Mheshimiwa Bwana Shauri, na Mama uliyeketi kando yake. Mchungaji wetu na Sheikh wetu, mliokubali kukaa benchi moja ingawa ni fupi. Bwana Datius, mwenyekiti wa kamati yetu. Wazee mliotoka Muleba kwa lori. Kina mama wachambuaji wa kahawa, mliokuja moja kwa moja kutoka kiwandani na vumbi lenu kichwani. Na ninyi akina baba mliosimama karibu na mlango ili mpate kutoroka mapema: nawasalimu nyote, mwenye kiti kwa kiti chake, na asiye na kiti kwa miguu yake.

Mimi ni Zuena binti Muharami, mlezi mkuu wa Nyumba hii ya Watoto ya Miembeni. Leo asubuhi Bwana mwenyekiti alinionya: "Bi Zuena, wewe zungumzia mvua na usalama wa watoto tu. Mambo ya yule msichana tuachie kamati." Nikamjibu, "Sawa, Bwana mwenyekiti." Basi nitazungumzia mvua na usalama wa watoto. Mambo mengine yakilowana humo njiani, mimi si mwenye mawingu.

Ndugu wazazi, mvua za vuli zimeingia. Mto Kanoni umejaa, na daraja la miti halina huruma na mtoto anayetembea peke yake. Mtoto ashikwe mkono mpaka kwetu. Asiachwe ng'ambo akaambiwa, "Nenda, mwalimu anakuona." Mwalimu hamwoni! Mwalimu yuko jikoni anakoroga uji. Na ninyi mnaoingiza jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya baridi, kisha mkafunga dirisha na mlango, nauliza: mnataka kuwapasha watoto moto au kuwazimisha? Fungueni dirisha, baridi haijaua mtu wa Bukoba.

Na senene! Nani asiyejua kuwa panzi wetu hawa watamu wameanguka? Wakianguka senene, mji mzima unapata wazimu. Makarani hukimbia ofisini, wagonjwa hupona ghafla, na mama aliyeahidi kumchukua mwanawe saa tisa huja saa kumi na mbili, kikapu kimejaa na uso hauna haya. Kisha tunanyonyoa usiku kucha sisi wanawake, tukikaanga tunageuza uso, maana kwa mila senene ni wa wanaume. Haya, mila ni mila. Ila akina baba, mkimpa mtoto senene, mng'oeni kwanza huyo senene miguu na mbawa, maana miguu yake ina miiba na koo la mtoto ni jembamba.

Na sweta zishonwe alama. Hapa ndipo mvua inapoanza kunivuta upande, Bwana mwenyekiti, uniwie radhi.

Siku ile senene walipoanguka kwa mara ya kwanza mwaka huu, asubuhi ilikuwa ya baridi kweli. Tuliwavika watoto sweta haraka haraka, kila sweta kwa mwili uliokuwa karibu. Sweta nyekundu ya Aroni, mtoto wa Kokuhirwa, ikamwangukia Omary, mtoto wa Saburi fundi cherehani na mkewe Siti. Aroni mwenyewe alikuwa amelala chumba cha nyuma, tumbo limejaa uji. Mlangoni alikuwepo mlezi wetu Anatolia.

Akaja kwa lori Mzee Rutashobya wa Buganguzi, mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake. Yupo pale nyuma, msigeuke wote kwa pamoja, mtamvunja shingo kwa macho. Akasema, "Nimekuja kumchukua mjukuu wangu." Mjukuu wake ndiye Aroni. Na Anatolia ni nani kwake? Ni mke wa mwanawe! Wahaya mnacheka, mmeshaelewa. Wageni niwaeleze: mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, wala hasimami mbele yake akamhoji. Anatolia alipoisikia sauti ile alipiga magoti papo hapo, akageukia ukutani. Mzee naye, kwa adabu ileile, akageuza uso upande wa pili. Hebu fikirini: mmoja anatazama ukuta, mwingine anatazama barabara, na kati yao kuna mtoto anayepaswa kukabidhiwa!

Mzee akaikumbuka sweta nyekundu, maana ni yeye aliyempelekea mjukuu wake siku ya Pasaka, mjukuu ambaye hakuwa amemwona tangu akiwa mchanga. Akaishika sweta, na ndani ya sweta alikuwemo Omary. Je, Omary alikataa? Mtoto gani wa Miembeni atakataa lori?

Aroni alipoamka, Anatolia akadhani baba mkwe ameghairi na kuondoka mikono mitupu. Nani angemfuata akamuulize? Tukahesabu watoto, Omary hayupo. Tukasema, ametoka kufuata senene. Hapo, ndugu zangu, kicheko kiliisha. Mnakumbuka. Mlitoka nyote, Waislamu kwa Walutheri, mkapita mitaroni na vichakani mpaka ziwani. Nilimwona Siti akiingia majini na nguo zake, akiita jina la mwanawe mpaka sauti ikamkauka. Siti, mwanangu, uchungu ule ninao mpaka leo, na mbele ya watu hawa wote nakuomba radhi kwa niaba ya nyumba hii.

Huko Buganguzi, nasikia, mambo yalikuwa mazuri. Jamaa wa ukoo walikusanyika kumtazama mjukuu. Huyu akasema, "Pua ni ya babu yake." Yule akasema, "Na mwendo pia." Shangazi mmoja alitokwa na machozi, alivyofanana na marehemu kaka yake! Ikaletwa ndizi, akaletwa samaki. Mzee akainamisha kichwa aombee chakula, na mzee wa kanisa akiomba, haombi kidogo. Omary akangoja, akangoja, njaa ikamzidi, akasema kwa sauti, "Bismillahi!" Akatia mkono sahanini.

Sheikh, wewe cheka tu, hata Mchungaji anacheka.

Bibi Kokubanza, mke wa Mzee, akauliza, "Baba watoto, huyu ni mtoto wa nani?" Na ule ukoo wote ukaanza kuikagua upya ile pua. Alfajiri ya kesho yake Mzee alisimama barabarani na mtoto mgongoni, akasimamisha lori la kahawa, akamrudisha kwa mama yake mzimamzima, ameshiba, amenenepa kidogo. Mzee hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe, akapiga magoti mbele ya Siti. Hilo nalo lisemwe.

Sasa kamati inataka kumfukuza Anatolia, na mkutano ni leo, tukishakunywa chai. Mnasema hakulinda mlango. Nauliza: nani alimfundisha kugeukia ukutani? Ni mimi? Ni Bwana Shauri? Ni ninyi! Mama zake mlimfinya akiwa mdogo ili ajue adabu, leo ameijua, mnamfukuza kwa sababu anayo. Binti huyu hajala vizuri tangu siku ile. Mkimtoa yeye, mtaleta mwingine, naye atakuwa na baba mkwe wake.

Mimi naomba kanuni moja. Anayekuja kumchukua mtoto, awe nani, atazamwe usoni na aulizwe. Mila ibaki nyumbani, na iheshimiwe. Mlangoni petu hakuna mkwe. Ila kanuni hii siwezi kuiweka mimi, mtu wa damu ya pwani. Mwenye kuweza kumfungua mkamwana ni baba mkwe mwenyewe. Mzee Rutashobya, nakuomba uje hapa mbele. Polepole, baba, mpisheni. Anatolia, simama. Simama, mwanangu, si kwa magoti. Geuka. Inua uso. Muulize.

"Shikamoo, baba. Umekuja kumchukua nani?"

Sauti zaidi, wa nyuma hawasikii.

"Umekuja kumchukua nani?"

"Aroni."

"Mtoto wa nani?"

"Wa Kokuhirwa, binti yangu."

"Subiri hapo mlangoni, baba, nimlete."

Mmesikia? Amemwambia baba mkwe wake asubiri. Na tazameni, Bwana mwenyekiti, tazameni ninyi nyote: Mzee wa watu amevua kofia, anasubiri.

Nami nimemaliza. Nawashukuru kwa kunivumilia na kunipa masikio yenu.