Tano Imo au Haimo

Benchi letu liko nje ya kibanda changu cha kushonea viatu, limeegemea ukuta wa kinyozi, na mguu wake mmoja umewekewa tofali ili watu wasimwagiane kahawa. Wenyeji wake ni walewale. Kuna Redio, huyo kinyozi, anayeongea bila kuwashwa. Kuna Bawabu, aliyelinda geti la kiwanda mpaka akastaafu, na hadi leo akiketi lazima aangalie nani kapita na kabeba nini. Kuna Shangazi muuza kahawa, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu lakini anatukaripia kama vile katulea. Na kuna Rula, fundi seremala, penseli sikioni, bingwa wa kusahihisha watu: bei ya mbao, matokeo ya mpira, hata namna Shangazi anavyomimina. Jioni moja Rula alikuja na daftari la shule kwapani, akaketi kabla ya kusalimia.

— Leo nawapima akili, — alisema. — Kuna hesabu hapa ya binti yangu. Mimi jibu ninalo. Nataka nione nyinyi mko wapi.

— Jibu unalo, sasa unatuuliza nini? — Shangazi akamkata.

— We mimina kahawa, Shangazi.

Alilifungua daftari juu ya magoti. Mwandiko wa yule mtoto ulikuwa mzuri, mwembamba, umenyooka. Hesabu ilikuwa ya zile za kubwa kuliko na ndogo kuliko: kuna namba haijulikani, wanaiita eksi, ni kubwa kuliko mbili, na ni ndogo kuliko tano au sawa nayo. Chini yake binti alikuwa ameandika jibu kwa mabano: (2, 5].

— Mmeona? — Rula akagonga karatasi kwa kidole. — Kafungua kwa duara, kafunga kwa mraba. Mimi nikikuletea meza, mguu mmoja wa mviringo, mwingine wa pembe, utaipokea?

— Nitaipokea nikupe nusu ya hela, — Redio akasema.

— Nazungumza mambo ya maana, we unaleta utani.

— Sawa, basi sikiliza ya maana. Hiyo ni kama kunyoa. Kuna mteja anataka paji la uso likatwe kona, kuna anayetaka mviringo. Inategemea kichwa. Tano ina kichwa kikubwa, ikapewa kona. Mbili kichwa kidogo, ikapewa duara.

— Na ingekuwa saba? — nikamuuliza.

— Saba haina kichwa. Itazame vizuri, ina kofia tu.

Tukacheka. Mimi nikasema huenda ni kama viatu, cha kushoto hakiwezi kufanana na cha kulia, na mtu akivaa vya upande mmoja hafiki mbali. Rula akatikisa kichwa kama mwalimu aliyechoshwa na darasa. Hapo ndipo Bawabu alipoweka kikombe chini.

— Nyinyi wote hamjui kitu. Hayo ni mageti.

— Mageti?

— Mageti. Litazame hili la mraba. Limesimama wima, lina komeo juu na komeo chini. Hilo limefungwa. Haya niambieni, geti likifungwa nani anaingia?

— Hakuna, — tukajibu.

— Basi tano iko nje, inapigwa na jua. Hili la duara limebonyea, limeachwa wazi. Mbili inapita bila hata kuonyesha kitambulisho. Kwisha kazi.

— Ngoja kwanza, — Shangazi akasema, birika mkononi. — Si hapo juu wamesema ndogo kuliko tano au sawa nayo? Kwa hiyo hata tano yenyewe inakubalika. Mbona ifungiwe nje?

Nilimwona Rula akishtuka, kisha uso ukamng'aa.

— Ndiyo kosa lenyewe hilo! Nilikuwa nangoja nani ataliona. Mtoto kageuza. Mbili ndiyo ya kufungiwa, tano ndiyo ya kufunguliwa.

— Una uhakika, Rula?

— Shangazi, mimi hesabu zilikuwa chakula changu.

Akaichomoa penseli sikioni. Ile penseli ya useremala ni nene, bapa, ya kuchora kwenye mbao. Akayapitia mabano ya mtoto moja baada ya jingine, mraba akaufanya duara, duara akalifanya mraba, na kila alipopita wino mwembamba wa binti ulimezwa. Akafika kwenye jibu lililokuwa na ile alama kama nane iliyolala, ya namba zinazokwenda upande ule bila mwisho.

— Na huyu? — akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuonekana haulizi.

— Huyo nane anaumwa, — Redio akasema. — Wamemlaza.

— Mimi sijawahi kumwona, — Bawabu akasema. — Hajulikani anatoka wapi wala anaishia wapi. Mgeni wa namna hiyo unamfungia tu.

— Mfungie na mbwa umwachilie, — Redio akamalizia.

Rula akamfungia kwa mraba. Akalifunga daftari, akanywa kahawa yake mpaka kwenye machicha, akaenda zake nyumbani akiwa mtu aliyeridhika. Baada ya hapo hatukumwona kijiweni kwa siku nyingi. Redio alikisia yuko mbali na kazi kubwa ya milango ya hoteli. Bawabu akakisia anaumwa mgongo. Shangazi hakukisia kitu, ila kila jioni alimwekea kikombe.

Aliporudi, alikuja kwa upande wa nyuma wa kibanda, akaketi mwisho kabisa wa benchi, pale penye tofali. Sikioni hamkuwa na penseli. Redio akamtania, akamwuliza bei ya mbao. Hakusahihisha kitu.

— Yule mtoto alikuwa amepatia, — alisema hatimaye.

— Mtoto gani?

— Binti yangu. Yale mabano. Yote alikuwa amepatia.

Akatusimulia huku akiangalia chini. Jioni ile alipofika nyumbani, binti aliutazama ukurasa kwa muda mrefu, akasema kwa adabu kabisa, "Baba, lakini mwalimu alisema mraba maana yake namba imo." Rula akamjibu kwamba mwalimu ana darasa zima la watoto, lazima achanganyikiwe, lakini yeye ana mtoto mmoja na hawezi kumpoteza. Binti si mtoto wa kubishana na baba yake. Akaketi akajizoeza upya, kwa njia ya baba. Na kesho yake ndiyo siku waliyopewa jaribio la kuchagua nani aingie mkondo wa sayansi.

— Hakuingia, — Rula akasema. — Hesabu zenyewe alizifanya sawa, mpaka mstari wa mwisho. Kila mstari wa mwisho, mabano yamegeuzwa. Mwalimu kaweka mkasi mwekundu wa kukosa ukurasa mzima.

Bawabu akakohoa.

— Mimi nilisema mageti, — akaanza. — Sikusema mtu akaandike...

— Wewe si ulisema komeo juu, komeo chini? — Redio akamgeukia.

— Na wewe ulisema aachiliwe mbwa!

— Mimi ni kinyozi, nani anamsikiliza kinyozi?

— Acheni, — Rula akasema. — Penseli nilishika mimi. Nyinyi mlikuwa mnapiga soga. Mimi ndiye niliyeziita soga zenu jibu langu.

Mimi nikachukua kiatu, nikaanza kukishona mahali palipokwisha kushonwa.

— Na hilo bado si lenyewe, — Rula akaendelea, sauti imeshuka mpaka tukalazimika kuinama. — Mwalimu aliniita shuleni. Mwanamke mpole, hakunipigia kelele. Akanionyesha karatasi, akasema, "Mzazi, huyu mtoto nilikuwa namtegemea. Kuna mtu amemfundisha kinyume. Ni nani?" Nikasema sijui. Nikasema labda ni watoto wenzake huko mtaani.

— Ah, Rula, — Shangazi akasema.

— Na yeye alikuwepo. Kasimama pale mlangoni na begi lake. Hakunitazama. Akasema, "Nilichanganya mwenyewe, mwalimu." Basi mwalimu akamkanya awe makini, mbele yangu. Mimi nimekaa kwenye kiti, natikisa kichwa, kama na mimi namkanya.

Aliufunika uso kwa viganja. Mikono ya Rula ni mikubwa, ina makovu ya msumeno, na jioni ile haikutosha kumficha. Redio alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Tulikuwa katika hali hiyo binti alipotokea kwenye kona. Bado na sare ya shule, kandambili miguuni. Katumwa na mama yake.

— Shikamooni.

— Marahaba, — tukajibu, na hakuna aliyemwangalia usoni.

— Baba, mama anasema chakula tayari. Anauliza kama leo utakula na sisi.

Kwa hiyo hata mezani alikuwa haketi. Rula akatoa mikono usoni lakini hakuinuka. Bawabu ndiye aliyeongea, na nadhani ilikuwa namna yake ya kuomba radhi.

— Binti yetu, hebu nisaidie mzee wako. Ule mraba ni nini hasa?

Binti akamtazama baba yake kwanza, kama anayeomba ruhusa. Kisha akachuchumaa, akachora kwa kidole kwenye vumbi.

— Mraba unaishika namba, babu. Kama wamesema "au sawa na tano", basi tano yenyewe ni jibu, unaishika kwa mraba. Duara maana yake unaisogelea tu. Mbili na kitu kidogo imo, lakini mbili yenyewe haimo. Na hii isiyo na mwisho ni duara siku zote, kwa sababu hakuna mahali utaifikia uishike.

— Kwa hiyo geti likifungwa...

— Likifungwa, tano iko ndani.

Bawabu akalitazama lile vumbi.

— Mimi maisha yangu yote nimekaa upande wa nje, — akasema taratibu.

Rula akasimama. Alizungumza kwa nguvu kidogo, kama anayetaka na sisi tuwe mashahidi.

— Kesho nakwenda kwa mwalimu. Nitamwambia ni mimi.

— Alama hazitarudi, Baba.

— Najua.

Alikwenda kweli. Alama hazikurudi, kama mtoto alivyosema. Binti alibaki mkondo mwingine, akaambiwa angoje mtihani wa mwisho wa muhula kama na wengine. Lakini jioni ile hayo yalikuwa bado. Binti aliinuka, akapangusa kidole kwenye sketi. Alikuwa ameshageuka kuondoka, akasimama.

— Baba.

— Naam.

— Siku ile ulipochukua daftari, mimi nilikuwa jikoni tu, naosha vyombo. Kama kulikuwa na kitu hukielewi, kwa nini hukuniuliza mimi?

Hakuuliza kwa hasira. Ingekuwa hasira pengine mmoja wetu angejua la kufanya, angemtuliza au angemkemea. Aliuliza kama anayeuliza njia, akangoja. Bawabu aliangalia barabarani ingawa hakuna aliyekuwa akipita. Rula aliinua mkono sikioni, mahali pa penseli, akaushusha.

Binti akangoja mpaka akaona hakuna jibu linalokuja. Akasema chakula kinapoa, akatangulia. Baba yake akamfuata, hatua chache nyuma, akitembea kama mtu asiyeijua njia ya kwake.