Kilio cha Mama wa Bwana Harusi

Guna sasa umalize, maana ukianza kuguna katikati utayakosa maneno. Wewe ni wale wale wasioamini kwamba watu kumi wanaweza kupanda jukwaani bila karatasi, bila kukariri hata neno, wakacheza mchana kutwa na watu wakarudi nyumbani wanapenga kamasi. Usiamini, shauri lako. Watu wa Yilan, kule Mashariki ya Mbali, hawakungoji wewe. Huko, Babu wa Ardhi, mungu wa kijiji, akifikia sikukuu ya kuzaliwa kwake, jukwaa linasimamishwa mbele ya hekalu, linamtazama yeye. Mzee wa kundi anawaita wachezaji kabla hawajajipaka rangi, anawasimulia: wewe mama, wewe mtoto aliyepotea, mtakutana, kutakuwa na harusi, mwisho furaha. Basi. Maneno mtajua wenyewe. Wanauita mchezo hai, kwa kuwa ule wa kukariri wanauona ni maiti aliyevikwa vizuri.

Asubuhi hiyo mvua ilinyesha kama inavyonyesha Yilan, yaani bila sababu, na kijiwe kilikuwa kimehamia ndani ya kibanda cha chai ubavuni mwa hekalu, mlango umevutwa. Benchi moja, meza moja, birika moja, maganda ya karanga kila mahali. Siu-kim, ambaye alianza kucheza akina mama wazee kabla hajazeeka, alikaa mwisho wa benchi, mkono wa kulia ameukalia. Chai yake ilikuwa imejaa vile vile ilivyomiminwa.

Walikuwa wanabishana kuhusu jana. Jana, kwenye harusi ya jukwaani, pale mama, yaani Siu-kim, alipopaswa kumbariki mkwewe kwa wimbo wa furaha, mama alilia.

— Mimi nilimwona bibi harusi, alisema Mama Tambuu, anayeuza tambuu pembeni mwa barabara na meno yake ndiyo tangazo. Yule hakuwa mtu. Yule mbweha aliyejigeuza mwanamke. Mama aliona mkia chini ya gauni, akalia.

— Mkia! alisema Daktari, fundi wa pikipiki, hajatibu kitu kisicho na magurudumu. Acha kamba, mama. Yule bwana harusi siye mwanawe. Mwanawe wa kweli ni yule mchekeshaji anayebeba taa. Walibadilishwa wachanga. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Inaingia tu. Methali ni kama spana, utapata pa kuikaza.

Mzee Ubani alikohoa. Huyo ni wa kamati ya hekalu, nguo zake zinanuka ubani hata akiwa sokoni, na mfukoni hatembei bila vile vipande viwili vya mti vya kumuulizia Babu. Unavirusha chini: kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, Babu amekubali.

— Nyote hamjui, alisema. Alilia Babu mwenyewe, kwa kinywa cha Siu-kim. Mwaka jana tulimpa nguruwe mwembamba. Ndiyo malalamiko hayo.

— Mwaka mzima angeweza kulalamika, anangoja harusi ya watu? alisema Mama Tambuu.

— Mungu ana adabu. Anangoja nafasi.

Siu-kim alicheka, lakini hakuutoa mkono.

— Mjukuu wangu yuko Chicago, alisema Daktari, anayemwingiza huyo mjukuu hata kwenye habari za matairi. Anasema huko nako kuna makundi ya kucheza bila kukariri. Watazamaji wanapiga kelele neno moja, tuseme "bafu", basi wenyewe wanatunga hapo hapo. Na Paris yapo, na Tokyo yapo. Wamefungua na shule.

— Shule ya kutojua utakachosema? alisema Mama Tambuu. Marehemu mume wangu angekuwa mwalimu mkuu.

— Na wanamchezea mungu gani? aliuliza Mzee Ubani.

— Hawamchezei mungu. Wanawachezea watu.

— Watu tu? Na mvua ikinyesha watu wasije?

— Basi hawachezi.

Kijiwe kizima kiliwahurumia watu wa Chicago. Huku umewahi kuchezwa mchezo mzima mbele ya viti vitupu vya plastiki na mbwa mmoja, na hakuna aliyepunguza hata mshororo, kwa sababu mwenye sikukuu alikuwepo, ameketi mle ndani na ndevu zake.

— Sasa nisikilizeni, alisema Mzee Ubani, na sauti yake ikawa ya kamati. Jioni tunakaa. Wapo wanaotaka mwakani tulete kundi la mjini, la kukariri, maneno yanaonekana kwenye skrini, hakuna kushtukizwa. Nimewaambia, ngojeni. Kama kile kilio kilikusudiwa, kundi la Siu-kim halina wa kuligusa. Kama lilikuwa kosa… Dada Siu-kim, umri nao ni umri. Utapumzika.

Siu-kim alilijua neno hilo. Mwenzake aliyecheza naye mama na binti miaka mingi aliambiwa apumzike, akapumzishwa kwenye kigoda anamenya vitunguu nyuma ya jukwaa, anasikiliza nafasi yake ikiimbwa na mwingine. Kupumzika ni neno la adabu la kuzikwa umekaa.

— Basi tuambie mwenyewe, alisema Mama Tambuu. Ulikusudia?

— Mama akilia harusini mnataka cheti cha daktari? alisema Siu-kim. Wewe mbona ulilia ya kwako?

— Mimi nilimwona bwana harusi.

Walicheka, ikapita. Lakini haikupita mbali.

Maana ukweli ulikuwa chini ya paja lake. Katika kundi lao, mchezaji ndiye anayemwambia mpiga ngoma wimbo upi unafuata, na anamwambia kwa mkono: ukiinuliwa na kutulia, furaha; vidole vikitetemeka kwenye pindo la shati, kilio. Jana Siu-kim aliinua mkono wa furaha, na mkono ukatetemeka wenyewe. Ulikuwa umeanza tangu majira ya baridi, kwanza kwenye vijiti vya kulia, kisha kwenye sindano. Ngoma ikaona, ikalia. Zeze likafuata. Mkwe amepiga magoti, watu wanangoja, na mama wa bwana harusi amekabidhiwa msiba katikati ya karamu. Akafungua kinywa:

Bibi harusi karibu, taa nimekuwashia,
Chungu nimekuachia, moto nimekutilia,
Usiniulize mwana, kwa nini mimi nalia,
Mwenye nyumba sasa wewe, mimi hapa napitia.

Wanawake wa viti vya mbele walishikana mikono.

Mlango ulifunguliwa, ikaingia mvua, na nyuma ya mvua mtu wa makamo mwenye vijiti vya ngoma kwenye mfuko wa nailoni. Ni Bun-hiong, mpiga ngoma. Ameingia kundini baada ya yule wa zamani kufariki, na kijiweni hapo hakuwahi kukaa.

— Shikamooni, wazee. Mama Siu-kim, samahani kukukatisha. Nina swali moja tu kabla ya mchezo.

— Uliza.

— Leo nikufuate mkono upi?

Mama Tambuu aliacha kutafuna. Daktari akamtazama Mzee Ubani, Mzee Ubani akamtazama Daktari.

Siu-kim angeweza kumjibu kwa mzaha. Alikuwa nao mdomoni, umeiva. Lakini mtu amekuja kwenye mvua kuuliza kazi, na anayeulizwa kazi hujibu kazi. Akautoa mkono chini ya paja, akauweka mezani. Ukatetemeka. Maganda ya karanga yakaanza kucheza, chai iliyojaa ikamwagika ukingoni.

— Haya, alisema. Si mbweha, si mtoto aliyebadilishwa, wala nguruwe wenu mwembamba. Mkono.

Mama Tambuu alisema, polepole:

— Lakini yale maneno hayakutoka mkononi.

— Ngoma ikishalia utasimama unaishangaa? Nimepewa kilio, nikalia. Kulia nililia kweli.

Akamgeukia Bun-hiong.

— Usifuate mkono, leo wala kesho. Fuata mguu. Nikigonga kisigino, furaha. Nikiuburuta, kilio. Macho yako yakae chini.

— Nimeelewa, mama.

Mzee Ubani alitia mkono mfukoni kwenye vile vipande vyake, akautoa mtupu.

— Dada… na mwakani? Niwaambie nini jioni?

Siu-kim alikuwa anavaa koti la mvua. Vifungo vilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

— Mwakani, alisema, bado hatujasimuliwa.

Akafika mlangoni. Akagonga kisigino kwenye kizingiti, mara moja, na vidole vya Bun-hiong vikaitikia vyenyewe juu ya meza. Akatoka, akaufunga mlango.