Historia ya Godelieve, Mtia Seli Rangi ya Bluu

Ndugu waombolezaji, mimi ni Irma, bibi mzaa mama wa marehemu, nimesoma madarasa manne tu, kwa hiyo nikikwama mnivumilie, na sijalia bado, msinikazie macho.

Marehemu Godelieve Haegeman alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 hapa Eeklo, mtoto pekee wa binti yangu Rosa na Marcel fundi baiskeli, akasoma kwa masista mpaka mwaka 1987, akaingia chuo kikuu kule Ghent, na mwaka 1991 akaanza kazi ya maabara akitafuta shahada ya uzamivu, ile ya kuitwa Dokta.

Kazi yenyewe alinieleza tukila uji wa maziwa ya mgando, kwamba ukitaka kujua kama jeni fulani limeamka ndani ya seli, unalifungia jeni jingine la kulishuhudia, kama mbuzi anavyofungwa kengele, na likiamka seli inatengeneza kimeng'enya, unamimina dawa, unaweka sahani kwenye kabati lenye joto, na seli hiyo inageuka bluu. Kando yake huwekwa sahani ya seli zisizofungwa kengele, ambayo lazima ibaki nyeupe, la sivyo bluu ya zile nyingine haithibitishi kitu. Nikamwambia, "Miaka yote hiyo shuleni, kumbe unajifunza kupaka rangi?" Akacheka mpaka uji ukamwagika.

Tarehe 14 Mei 1994 alifunga ndoa na Joris, mwoka mikate, wakajaliwa binti mmoja, Elke, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1995.

Februari 1996, ikiwa imebaki miezi mitatu apewe shahada, aliiweka ile sahani ya pembeni, ambayo kwa miaka miwili alikuwa ameacha kuiweka, kwa kuwa haikuwahi kubadilika na kabati lilikuwa dogo, nayo ikageuka bluu kama zote, maana dawa ilikuwa chachu kupita kiasi, na seli zilizozeeka zina kimeng'enya chao zenyewe. Alikuja kwangu, akakaa bila kuvua koti.

"Imwage kwenye sinki, unawe, ule," nikamwambia. "Nani atajua?"

"Bibi, wewe ukiuza siagi iliyochacha unanyamaza?"

"Nanyamaza sana."

"Basi mimi siwezi."

Kesho yake alimwandikia profesa kwamba kazi yake ya miaka miwili haina uthibitisho, shahada ikaishia hapo, akabaki maabara ileile kama fundi, akiwafundisha wanafunzi wapya kuweka sahani ya pembeni kila siku, hata wakinuna.

Januari 1998 aligundulika kuwa na saratani ya damu, akatibiwa Ghent, akafariki Jumatatu tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimeshika soksi zake, sijui kwa nini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomlea Elke, na wenzake wa maabara waliokuja na basi zima.

Limebaki moja. Kwenye kadi mlizopewa mlangoni, mwanangu Firmin ameandika "Dokta Godelieve", na profesa alinipigia simu jana akasema hapana ubaya, ni heshima kwa marehemu. Ubaya upo. Kalamu ziko pale kwenye kitabu cha rambirambi, kila mtu afute neno hilo la "Dokta" kabla ya kwenda kunywa kahawa.

Lala kwa amani, mjukuu wangu, hatujakuongezea kitu.