Historia ya Bwana Shamba Eliezeri Mgonja na Miche Yake Migonjwa

Mchungaji wetu, Mwenyekiti wa kijiji Ndugu Swalehe, wazee wa ukoo, akina mama mlioketi kule migombani kwa sababu majamvi hayakutosha, na ninyi nyote mliopanda mlima tangu alfajiri kutoka Same, Gonja na hata Mwanga, familia imenituma mimi, mdogo wa marehemu, niwasomee habari za maisha yake, tena imeniagiza nizisome zote, za sifa na zisizo za sifa, kwa kuwa ndivyo alivyotaka mwenyewe, na yeyote aliyepata kubishana naye anajua kwamba hata leo si rahisi kumkatalia.

Marehemu Eliezeri Mbonea Mgonja alizaliwa hapa Mamba tarehe 3 Mei 1927, mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa mzee Mbonea na mama Raheli, na alibatizwa sikukuu ya Krismasi ya mwaka huohuo. Mwaka 1934 wazazi wetu walipanda mibuni yao ya kwanza, miti mia moja na themanini, na Eliezeri akawa ndiye mchota maji, akishuka na kibuyu hadi kwenye ndiva, bwawa letu la kukingia maji ya mfereji, na kupanda tena, mti mmoja kibuyu kimoja, hata akawa anatutania ukubwani kwamba alianza utumishi wa kilimo akiwa na miaka saba, ila barua ya ajira ndiyo ilichelewa.

Alisoma shule ya misheni hapahapa kuanzia mwaka 1936, kisha shule ya kati hadi mwaka 1944. Baba yetu alifariki tarehe 20 Januari 1945, akazikwa pale nyuma ya nyumba penye masale, mimea yetu ya kuonyesha kaburi, na Eliezeri akateremka tambarare kufanya kazi ya ukarani katika shamba la mkonge, akiishi kambini na watu wa makabila yote ya nchi hii, hadi mama alipompelekea ujumbe kwamba arudi aende chuo, kwani mibuni imezaa vizuri na itamsomesha. Ni kweli ilimsomesha. Alihitimu chuo cha kilimo Desemba 1948, na tarehe 1 Februari 1949 akaajiriwa kuwa bwana shamba msaidizi, kazi aliyoifanya katika milima hii, kwa miguu, kwa miaka ishirini na nane.

Tarehe 14 Juni 1952 alifunga ndoa na shemeji yetu Hedwiga, binti wa Same, na kwa kuwa sisi ni Walutheri na wao ni Wakatoliki, wazee wa pande mbili walibishana karibu mwaka mzima juu ya kanisa la kufungia ndoa, hadi bibi harusi mwenyewe alipowaambia kwamba yeye anaolewa na mtu, haolewi na jengo. Mungu aliwajalia watoto wanne, Method aliyezaliwa mwaka 1953, Rosemary mwaka 1955, Eliamini aliyezaliwa mwaka 1957 na kuchukuliwa na surua akiwa na miaka mitatu, na Wema, kitinda mimba, aliyezaliwa tarehe 8 Septemba 1959 na ambaye ndiye aliyerithi miguu ya baba yake na ubishi wake.

Sasa nafika kwenye kahawa. Wakulima mnaijua kutu ya majani, ule unga wa rangi ya chungwa unaokaa chini ya jani, jani likapukutika, tawi likabaki uchi, na mwaka unaofuata mti hauna nguvu ya kuzaa, na mnakumbuka jinsi tulivyopanda na kushuka na mabomba ya dawa ya mrututu mgongoni, nguo zikawa za buluu, na bado kutu ikarudi kila baada ya masika. Katika wiki ya Uhuru, Desemba 1961, watu wakikata matawi ya kupamba uwanja wa sherehe, Eliezeri alikuwa katika shamba la mama akigeuza majani, na kati ya mibuni ile mia moja na themanini iliyojaa kutu akakuta mmoja ambao majani yake yalikuwa safi. Alirudi kuutazama kila wiki kwa mwaka mzima, akaupaka unga wa kutu kwa kidole chake, kutu ikakataa kuota. Akapanda mbegu zake, na miche iliyotoka nayo ikawa safi, akafahamu kwamba kinga ile imo ndani ya mti wenyewe na inarithiwa, mtoto anazaliwa nayo kama anavyozaliwa na pua ya babu yake.

Aliwaandikia watafiti wa kahawa, nao wakamjibu kwa adabu na kwa tahadhari kwamba kutu nayo ina koo zake, kwamba mti unaoufungia mlango ukoo mmoja waweza siku moja kukutana na ukoo mwingine wenye ufunguo, kwa hiyo aendelee kuiangalia miche kwa miaka kadhaa kabla ya kuigawa. Barua hiyo aliisoma mara nyingi, aliitunza, na tumeikuta juzi katika Biblia yake.

Ndugu waombolezaji, kilichofuata ndicho alichotaka kisomwe. Mwaka 1968 kijiji kiliamua kuanzisha shamba la kahawa la ujamaa kwa uzao wa mti ule safi, na wageni kutoka wilayani wakapangiwa kuja kukiona kitalu cha Eliezeri siku ya tarehe 22 Agosti. Asubuhi ile, nyumba nzima ikifagia ua, akina mama wakipika makande, sisi wengine tukipaka chokaa mawe ya njiani, Eliezeri aliingia kitaluni na kuikuta miche saba, kati ya mia moja na ishirini, ina unga wa chungwa chini ya majani. Aliigeuza majani mche kwa mche. Halafu, kama vile mtu anavyookota takataka uani kwa kuwa wageni wako njiani, akaing'oa yote saba, akaitupa motoni, akajiambia kwamba huenda ni mbegu zilizochanganyika. Wageni walipouliza ni mingapi iliyougua, alisema hakuna, na kwa macho yao kweli haikuwepo, wakapiga makofi, na nasi tukapiga, mimi nikipiga kwa nguvu kuliko wote.

Novemba ya mwaka huohuo baragumu la msaragambo, kazi yetu ya pamoja, lililia, na kaya arobaini na tatu zikatoka na majembe kung'oa kahawa ya zamani ili isiambukize ile mpya. Eliezeri, asije akaonekana ana upendeleo, alianza na shamba la mama yake. Mama Raheli hakuzuia jembe, alimwomba tu mwanawe, mbele ya watu, amwachie mti mmoja, akisema miti hiyo huugua kila mwaka na hakuna mwaka ambao iliwahi kufa, na Eliezeri, akiwa katika sare yake ya kazi, akamjibu kwamba kilimo cha kisasa hakina mti wa huruma. Tulikuwepo tuliosikia. Mama aliingia ndani, akatoka na uji wa wafanyakazi, akaugawa kwa watu wote, naye Eliezeri akampa.

Kwa miaka mitano mambo yalikuwa mazuri kiasi kwamba mabomba ya kupulizia tuliyagawa kwa vijiji jirani, kwani tulijiona hatuyahitaji tena. Mama Raheli alifariki tarehe 11 Februari 1972, akazikwa kando ya baba, na hilo neno la mti wa huruma hawakuwahi kulizungumza.

Juni 1974, masika yalipoisha, kutu iliingia katika shamba la ujamaa, na kwa kuwa miti yote ilikuwa ya uzao mmoja, haikukuta mlango wowote uliofungwa. Kufikia mwaka 1975 mlima ule mlioupanda leo ulikuwa wa vijiti. Wapo waliosema ni mvua, wapo waliosema ni husuda, na Eliezeri angeweza kabisa kunyamaza nyuma ya maneno hayo, lakini tarehe 6 Aprili 1975 alisimama katika mkutano wa kijiji akaeleza habari ya miche saba, akasema ile saba ndiyo iliyokuwa ikimwambia kwamba ukoo wenye ufunguo umeshafika, naye aliichoma ili ua upendeze. Ndugu Swalehe, ambaye familia yake ilikuwa imeng'oa miti mia mbili kwa neno la marehemu, alitoka mkutanoni bila kuaga, na kwa mwaka mzima watu kadhaa, nami sitawataja kwa kuwa nilikuwa mmoja wao, tulipokutana naye njiani tulimwitikia salamu tukitazama mahali pengine. Mdogo mtu sikumwamkia kaka yangu kama inavyopasa, na hilo nalisema mbele ya jeneza lake, na linaniuma.

Agosti ya mwaka huo alikwenda kupalilia makaburi ya wazazi wetu, peke yake, na nyuma ya masale, palipofunikwa na migomba, akakuta mbuni mmoja wa zamani, umebeba buni nyekundu, majani yake yana madoa machache ya kutu, lakini yameshika tawini. Mama aliunusuru siku ile ya msaragambo, akauoteshea migomba mbele yake, na hakumwambia mtu. Shemeji Hedwiga anasema mumewe alikaa pale hadi chakula kikapoa, na alipokwenda kumtafuta alimkuta analia huku ameshika jani, akilirudia neno lile alilomjibu mama yake.

Tangu hapo alikuwa na kazi moja. Oktoba 1975 mibuni ilipochanua, aliyatoa maua ya mti wa mama chavua yake kabla hayajafunguka, akayapaka kwa unyoya wa kuku chavua ya miti michache iliyosalia ya ule uzao alioupenda zamani, akayafunga kwa vipande vya chandarua, na watu waliopita wakasema bwana shamba sasa anaivisha kahawa nguo. Alitaka mtoto atakayerithi pande zote mbili, ule mlango uliofungwa na ule uvumilivu wa bibi. Septemba 1976 alisia mbegu, zikaota sitini na mbili, kila mche ukapewa namba, na Wema akapewa daftari na amri moja, aandike wagonjwa kwanza.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mapema mwaka huu, miguu ikavimba, pumzi ikapungua, akaendelea kwenda kitaluni akishikwa mkono, na tarehe 2 Oktoba 1977 akalazwa katika hospitali ya Gonja. Tarehe 6 Novemba Wema alikwenda kumwona akiwa na daftari, na mlangoni mama yake alimvuta kando, akamwomba amwambie baba kwamba miche yote ni mizima, kwani mgonjwa wa namna ile anahitaji faraja. Shemeji ameniruhusu nilisome hilo, na hakuna anayemlaumu. Wema aliketi kitandani, akafungua daftari, akayatazama macho ya baba yake, akasoma kwamba kati ya miche sitini na miwili, ishirini na mitatu imeshika kutu, akaitaja namba moja moja. Alipofika namba kumi na saba, yenye kutu tangu Julai na ambayo haijaangusha hata jani, marehemu alimwambia asome tena, akasoma tena, naye akatabasamu, akasema huyo ni bibi yako. Akamwagiza asing'oe hata mmoja, akalala. Alifariki Jumanne tarehe 8 Novemba 1977, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Gonja waliomhudumia kwa upole siku zote thelathini na saba, dereva wa chama cha ushirika aliyemleta nyumbani polepole kama aliyebeba mayai, mabwana shamba wenzake waliochimba kaburi kwa zamu, majirani waliotuletea kuni, maji na makande bila kuulizwa, na Ndugu Swalehe, aliyefika wa kwanza juzi, akaketi mkekani karibu na Hedwiga, na hajaondoka hadi sasa.

Lipo ombi la mwisho. Jana, katika kuandaa msiba, jirani mmoja mwema, akitaka mkute pasafi, aliingia kitaluni akaanza kung'oa miche yenye majani yaliyoharibika, na Wema alipofika mbio alikuwa ameshang'oa miwili, namba tisa na namba thelathini. Tumeirudisha udongoni, hatujui kama itashika. Kwa hiyo mtakapotoka kaburini mtapita kando ya kitalu, nanyi mtaona ua umefagiliwa kila mahali isipokuwa pale, mtaona unga wa chungwa, mtaona majani mabovu, na tunawaomba, ndugu zetu, wageni wetu, mpite mkiache kitalu kilivyo.

Pumzika sasa, kaka Eliezeri, shikamoo. Wageni wamekuja, na miche yako yote sitini na miwili iko kitaluni.