Miksa Iliyokaidi Maombi

Ndani ya basi la Kibera, Aluoch, kiongozi wa akina mama wa maombi kanisani kwao, alitega sikio bila aibu. Mpiga kinanda mmoja wa Kawangware alikuwa akimpasha habari mzee aliyeketi naye.

"Kanisa letu linanunua miksa ya dijitali, mzee, ile mashine ya kuchanganya sauti. Kaseti zinaisha, watu wanataka kwaya kwa CD."

"Na CD zikiisha?"

"Hii inakumbuka viwango vya sauti! Pasta akijiongezea sauti ya maikrofoni, nabonyeza kitufe tu, vile vidude vya kusukuma vinashuka vyenyewe."

"Vyenyewe? Akina mama wa maombi wataikemea hiyo!"

"Watazoea."

Basi likasimama kituo cha Olympic. Aluoch akainuka, akamgusa yule mpiga kinanda begani.

"Nunueni tu, kijana yangu, lakini mtafute na kifuniko. Yetu tuliikemea, ikakaidi, mpaka mafuta ya upako yalipoingia ndani."